Maji ya Shangazi

Kitu cha kwanza alichokigundua Uzi kilikuwa mswaki.

Ulikuwa mswaki mdogo, laini, kama wa mtoto, na ulikuwa unatembea kinywani mwake bila yeye kuushika. Ulipita kwenye magego ya kushoto, ukarudi, ukapanda juu ya ulimi na kuacha ladha chungu ya dawa. Alitaka kumwambia huyo anayempiga mswaki kwamba yeye ni mtu mzima, ana mikono yake. Ulimi ukakataa. Kati ya ulimi na kaakaa kulikuwa na kitu kigumu, kinene kama kidole gumba, kimekaa hapo kama mgeni aliyehamia na mizigo yake yote.

Alipotaka kuvuta pumzi ya mshangao, akakuta pumzi imeshaingia. Ilikuwa inamjia kabla hajaiomba. Kifua kilijaa chenyewe, kikanywea chenyewe, kikajaa tena, na pembeni ya kichwa chake mashine ilikuwa inahema kama mtu aliyepanda ngazi.

"Umeamka," sauti ya mwanamke ilisema. "Usihangaike kunijibu, una bomba kooni. Mimi ni muuguzi wako. Humu ndani wananiita Mama Mswaki. Mwanzoni nilinuna, sasa naitika."

Uzi akajaribu kuinua mkono. Haukuinuka.

"Mikono tumeifunga kwa vitambaa, usituone wabaya. Mwenzako wa kitanda kile alichomoa bomba lake kama anang'oa muhogo."

Mama Mswaki aliingiza mrija mwembamba pembeni ya shavu, nao ukafyonza mate kwa sauti ya mtu anayemalizia soda. Alifanya kazi na kuongea kwa pamoja, wala kimoja hakikuchelewesha kingine. Alisema Uzi aliletwa hospitali na tumbo, utumbo ulikuwa umetoboka, wakampasua na kumshona, na mshono unapona vizuri. Shida ilikuja baadaye, akiwa amelala hapo hapo kwenye mashine ya kupumulia. Alipata nimonia.

"Hukuja nayo," alisema. "Umeipatia hapa, sisi tunakutazama."

Alieleza kwamba bomba lile linampa uhai, na hilo hilo ndilo limewafungulia vijidudu mlango. Mtu mwenye nguvu zake akipaliwa na mate anakohoa, yameisha. Mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hakohoi wala hamezi. Mate yake yanajikusanya kooni, yanapenya pembeni ya bomba na kushuka polepole mpaka mapafuni, yakibeba kila uchafu wa kinywa. Ndiyo sababu ya mswaki. Ndiyo sababu pia kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa, Uzi yuko nusu kukaa, nusu kulala.

"Kwa hiyo ukiona nakuchokonoa mdomo, ujue niko vitani," alisema. "Na wewe unao wajibu wako. Wako ni kukohoa."

Uzi hakuwa mtu wa vita. Tangu utoto alikuwa mwembamba na mnyamavu, wa kupita ukutani, na jina la Uzi lilimkaa hata kabla hajaanza kazi ya kufuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono. Wateja walipolalamika kwamba mkono wa sweta ni mfupi, aliufumua akaufuma upya bila neno, hata pale alipojua kwamba ni mtoto ndiye aliyerefuka. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa mmoja tu, Kitinda, aliyekuwa darasa la saba, binti wa kuuliza maswali mpaka walimu wanaangalia saa. Mama yao alikufa Kitinda akiwa mchanga. Aliyebaki na sauti katika ukoo alikuwa Shangazi.

Na Shangazi ndiye aliyeingia mchana huo, saa ya kutazama wagonjwa, akiwa amevalishwa joho la hospitali lililomshinda kufunga kwa nyuma. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye duka la mabeseni na ndoo, aliyezoea kuita wateja walio ng'ambo ya barabara. Humu alijitahidi kunong'ona, na mnong'ono wake ulifika mpaka dirishani.

"Jamani, mgonjwa gani anakalishwa kama yuko kwa kinyozi? Shingo si itavunjika?"

Mama Mswaki alikuwa kitanda cha tatu, ameinama juu ya mzee mmoja. Shangazi akavuta pazia. Akachuchumaa kwenye miguu ya kitanda, akaupata mkono wa chuma wa kuzungusha, akauzungusha kwa uzoefu wa mtu aliyeshafanya hivyo. Dari likamshukia Uzi taratibu mpaka akalala chali kabisa.

"Haya. Sasa ndiyo kulala."

Kisha akatoa kitambaa cheupe na kichupa cha maji kutoka kifuani. Akakilowesha, akakikamulia kwenye midomo ya Uzi, pembeni ya bomba, tone kwa tone, kwa upole ambao Uzi hakuwahi kuuona mikononi mwake.

"Midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Mtoto wa watu ananyimwa maji, ati masharti. Masharti gani ya kumnyima mtu maji? Kunywa, mwanangu. Shangazi yako yupo."

Maji yaliingia. Uzi alijaribu kumeza, koo halikujua pa kuanzia. Aliyasikia yakizunguka bomba, yakisimama, halafu yakitafuta njia yao wenyewe. Kitu kikawasha chini sana, mahali ambapo mkono haufiki. Akakohoa, kikohozi kisicho na sauti, na mashine ikalia mara moja.

"Eeh, unaona? Ulikuwa na kiu."

Shangazi alimfuta kidevu. Akakaa, akashusha pumzi, akaanza kumwaga habari za nyumbani kama mtu anayeongea na picha ukutani. Mvua. Jirani aliyehama. Bei za ndoo. Ndipo akafika kwenye lile lililomleta.

"Na usiwe na wasiwasi kuhusu Kitinda. Nimeshamtoa shule, niko naye dukani. Ana mdomo yule, anauza kuliko wewe, wewe ulikuwa unawaonea wateja haya. Shule ya nini sasa, na wewe uko hivi? Hata ukitoka utataka mtu wa kukuogesha. Wewe pumzika. Na kama ni safari, nenda na roho nyeupe, mdogo wako ana kwao."

Uzi alisikia kila neno. Mtihani wa Kitinda wa kumaliza darasa la saba ulikuwa umekaribia. Alitaka kusema hapana. Alisukuma hiyo hapana kwa nguvu zake zote, ikagonga bomba ikarudi. Akasukuma tena. Pumzi ya mashine ilikuwa inaingia, yake ilikuwa inataka kutoka, zikakutana njiani kama watu wawili kwenye mlango mwembamba. Mashine ikapiga kelele. Mikono ikavuta vitambaa, kitanda kikatikisika, na Shangazi akasimama akiita, "Muuguzi, njoo, anaondoka."

Pazia likafunguka. Mama Mswaki alitazama mashine, akatazama kitanda kilivyolala, akasema, "Nani ameshusha kitanda?"  Akakizungusha juu haraka, akafyonza bomba, mashine bado inalia. Ikabidi aongeze dawa ya usingizi. Uzi aliiona sindano ikiingia kwenye mpira wa dripu. Alitikisa kichwa kukataa, nao wakadhani ni maumivu.

Alipoamka tena ilikuwa asubuhi, na mswaki ulikuwa kazini.

"Jana ulipigana na mashine," Mama Mswaki alisema. "Imekupeleka wapi? Imekulaza. Na mgonjwa aliyelala hakohoi, na asiyekohoa naona nimonia inavyomnenepea. Nisikilize, binti. Ukitaka kugombana, una haki, hata mimi ningegombana. Lakini gombana na kohozi. Mashine iache ikufanyie kazi mpaka tuifukuze wenyewe."

Uzi alimtazama. Lilikuwa jambo geni kuambiwa ana haki ya kugombana.

Mama Mswaki akamletea ubao wenye picha. Kulikuwa na picha ya glasi ya maji, ya mtu ameshika tumbo, ya choo, ya blanketi, ya jua, ya watu watatu wameshikana mikono. Akamfungua mkono wa kulia. Uzi alipitisha kidole juu ya picha zote, akarudia. Hapakuwa na picha ya shule. Akaigusa ile ya watu watatu.

"Unataka ndugu zako? Watakuja mchana."

Akatikisa kichwa. Akaonyesha ishara ya kuandika. Wakampa kalamu na karatasi juu ya ubao. Vidole vilikuwa vimevimba, havikuijua kalamu. Alipigania herufi moja, ikatoka kama kuku amepita kwenye unga. Mama Mswaki aliigeuza karatasi huku na huku.

"Hii ni K au ni kiti?" alisema. "Basi, tuliza roho. Mkono utarudi. Ila bomba likitoka, utasema mwenyewe, na mimi nitasimama hapa nisikie."

Madaktari walipopita, yule mkubwa wao alikuwa mwanaume mrefu anayeinamisha kichwa mlangoni hata pale mlango ulipomtosha. Aliongea na wenzake kwanza, kisha akamgeukia Uzi mwenyewe.

"Dada, ukinisikia fumba macho."

Akafumba.

"Vizuri. Kohozi lako tulilipeleka maabara, na majibu yametoka. Vijidudu vilivyo kifuani mwako vinaicheka dawa tuliyoanza nayo. Leo tunabadili. Hii mpya ni kali, kwa hiyo tutachunga figo zako. Jambo la pili ni hilo bomba. Naona unalitazama kwa chuki. Mimi pia silipendi, kila linavyokaa ndivyo linavyozidi kutuletea balaa. Lakini nikilitoa mapema ukashindwa kupumua, itabidi nilirudishe, na kulirudisha ni balaa kubwa kuliko la kwanza. Kwa hiyo sitalitoa kwa kukuonea huruma. Nitalitoa ukinionyesha kwamba unaweza."

Akaondoka huku akiinama. Uzi alibaki akilitafuna neno lile. Ukinionyesha. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia amwonyeshe kitu.

Kuanzia hapo alikohoa. Haikuwa kazi ya mchezo, kwa sababu kila kikohozi kilipita kwanza kwenye mshono wa tumbo. Mama Mswaki alikunja taulo, akamfundisha kulibana juu ya kidonda kwa mkono ulio huru, halafu kusukuma. Kohozi lilipanda nusu likarudi. Akasukuma tena. Likafika kwenye bomba, mrija ukaingia ukalivuta, na Uzi akaliona likipita, zito, la kijani iliyooza.

"Sema kwaheri," Mama Mswaki alisema.

Mchana alikuja mtaalamu wa mazoezi ya kifua, kijana mwenye viganja vya kupigia ngoma. Alimgeuza ubavu, akamgonga mgongo kuanzia chini kwenda juu. Uzi alilia machozi bila sauti, na kila kijana alipouliza kama aache, akatikisa kichwa. "Huyu ana roho ya paka," kijana alimwambia Mama Mswaki. Yeye akajibu, "Huyu ana jambo lake. Sijui ni lipi, lakini analo."

Jaribio la kwanza la kupumua mwenyewe lilimshinda. Waliipunguza mashine mpaka ikawa inasikiliza tu, kazi yote ikawa yake. Mwanzoni alifurahi kuikuta pumzi ikimngoja. Baadaye mabega yakaanza kupanda, jasho likamtoka, moyo ukakimbia, na daktari akasema, "Bado." Mashine ikarudi kumjaza kifua. Usiku ule Uzi aliichukia kwa ustaarabu, kimya kimya, bila kuipigisha kelele.

Kitu kimoja kilimtatiza. Asubuhi kifua kilikuwa afadhali, kohozi jepesi. Kila jioni kilirudi kuwa kizito. Alilifikiria hilo akiwa amelitazama dari, na jibu lilipomjia aliona haya kwa ajili ya mtu mwingine. Shangazi alikuja kila mchana. Na kila mchana alivuta pazia, akatoa kitambaa, na kukirudisha kitanda juu kabla muuguzi hajarudi.

Siku iliyofuata Shangazi aliingia na kitambaa chake. Kama kawaida, muuguzi alikuwa kwa mgonjwa mwingine. Kama kawaida, kitanda kikashuka. Tone la kwanza likagusa mdomo.

Uzi akafunga meno.

Aliyafunga juu ya kile kipande kigumu walichokiweka kulilinda bomba, akabana midomo kulizunguka, maji yakateleza shavuni na kuingia shingoni. Shangazi akadhani amekosea. Akajaribu upande wa pili. Midomo ikabanwa zaidi.

"Fungua, mwanangu. Ni mimi."

Uzi alimtazama machoni. Hakuwa amewahi kumtazama Shangazi machoni kwa muda mrefu hivyo. Kwao mtoto alimtazama mkubwa kuanzia kidevuni kwenda chini.

"Unanifungia mdomo? Mimi? Mimi niliyekuosha makamasi?"

Uzi akafunga tena meno mpaka mashine ikaanza kunung'unika. Safari hii hakuvuta vitambaa wala hakupigana na pumzi. Mkono wake wa kulia ulikuwa huru. Aliunyoosha, akalishika pazia, akalivuta. Halikwenda mbali, kiasi cha mtu kupitisha kichwa. Kilitosha. Mama Mswaki aligeuka kule alikokuwa, akaona kitanda kilicholala, akaona kitambaa, akaona maji yanamchuruzika Uzi kwenye kola.

Alikuja bila kukimbia. Aliinua kitanda kwanza. Alifyonza kinywa, akafyonza bomba. Ndipo akamgeukia Shangazi, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Mama, hii ni mara ya ngapi?"

"Nimemlea huyu," Shangazi alisema. "Kiu yake naijua kuliko nyinyi."

"Anapewa maji kwa mpira wa puani, yanakwenda tumboni moja kwa moja. Haya unayompa hayaendi tumboni. Hawezi kumeza. Yanakwenda hapa." Akaweka kiganja kwenye kifua cha Uzi. "Hapa hapa tunapochota usaha asubuhi, wewe unajaza mchana."

  Shangazi akakitazama kitambaa mkononi kama kimegeuka nyoka.

"Nimemwua?"

"Hajafa. Na sisemi ni wewe uliyemletea nimonia, mate yake mwenyewe yanatosha kumletea. Hata sisi tulipaswa kukuona mapema. Nasema usirudie."

Shangazi alikaa kwenye kiti, joho likamfunguka lote nyuma, akalia kwa kuuma kile kitambaa ili asipige kelele kwenye chumba cha wagonjwa. Uzi alimtazama akilia. Alimwonea huruma, kweli kabisa, huruma ilimjaa mpaka puani. Lakini huruma ile haikugusa suala la Kitinda. Alizitenganisha kama anavyotenganisha nyuzi za rangi mbili zilizosokotana, hii huku, hii huku.

Kuanzia siku ile Shangazi hakugusa mkono wa chuma. Alikaa na mikono mapajani kama mtu yuko ofisi ya watu. Dawa mpya ikashika. Homa ikashuka, ikajaribu kupanda, ikaona aibu ikashuka kabisa. Kohozi likatoka kijani kwenda manjano, likatoka manjano kuwa jeupe kama ute wa yai. Mama Mswaki alikuwa anaziita rangi hizo kwa furaha, kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi.

Jaribio la pili, Uzi alikaa vizuri. Hakuwaza mashine. Alimwaza Kitinda amesimama mlangoni pa duka kati ya ndoo, anaita wapita njia wakati wenzake wako darasani. Kila pumzi aliyoivuta aliivuta kwa hasira iliyokunjwa vizuri, kama sweta linalosubiri mwenyewe. Daktari mrefu alisimama pale akitazama namba.

"Nyanyua kichwa kutoka kwenye mto."

Akanyanyua.

"Kishike hapo. Sasa nikoholee. Sio kwa adabu. Kohoa kama umekasirika."

Uzi alilibana taulo kwenye tumbo, akakohoa. Kohozi liliruka kwenye bomba kwa kishindo, na yule kijana wa mazoezi akarudi hatua nyuma.

"Huyo hajanikoholea," daktari alisema. "Amenitukana. Haya, tulitoe."

Kulitoa kulikuwa haraka kuliko alivyofikiri. Walilegeza kitu, wakamwambia akohoe, na kile kigeni kikateleza kutoka kooni kirefu kuliko alivyodhani, kama kinatoka kwenye nyayo. Halafu pumzi. Mbaya, ya kukwaruza, yenye harufu ya dawa na plastiki. Lakini aliivuta mwenyewe. Wakamvika kinyago cha oksijeni.

"Usiongee sana," Mama Mswaki alimwambia. "Koo limevimba. Maneno machache, ya lazima."

Uzi akaitikia kwa kichwa. Machache yalikuwa yanamtosha.

Mchana Shangazi alikuja, na safari hii walimruhusu na Kitinda aingie. Kitinda alikuwa amevaa aproni ya duka, imemfika kwenye vifundo vya miguu. Alimwona dada yake bila bomba, akasimama, akaanza kulia na kucheka, hajui kipi kitangulie.

"Dada, unafanana na rubani," alisema, akikigusa kinyago.

"Mwache, asiongee," Shangazi alisema. "Mwanangu, Mungu mkubwa. Umetutisha wewe. Pumzika, usitie neno. Mambo yote nyumbani yamenyooka."

Uzi alikisogeza kinyago pembeni.

"Kitinda arudi shule," alisema.

Ilikuwa sauti ya chura, yenye kutu. Mama Mswaki, aliyekuwa anapanga vifaa kwenye meza, aliacha kuvipanga.

"Tutaongea ukipona," Shangazi alisema.

"Kesho."

"Kesho gani, mwanangu? Hata kukaa huwezi. Nani atakuosha? Nani atakaa dukani, na mimi miguu hii?" Akamgeukia muuguzi kutafuta msaada. "Hebu mwambie, huyu bado ana homa kichwani."

"Homa imeisha," Mama Mswaki alisema, akarudi kwenye vifaa vyake.

Uzi akashusha mguu mmoja pembeni ya kitanda. Ulikuwa mwembamba, umelegea, haukuwa na uwezo wa kubeba hata kivuli chake. Akaushusha wa pili. Mirija ikavutika. Kitinda akasema, "Dada, utaanguka," na Shangazi akaruka kumshika mabega.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kukaa dukani," Uzi alisema. "Yeye aende shule."

Walitazamana. Shangazi alikuwa na nguvu za kumlaza kwa mkono mmoja, na wote wawili walijua. Aliihisi mifupa ile ya mabega chini ya viganja vyake, namna ilivyokuwa inatetemeka na namna ilivyokuwa haitaki kurudi nyuma. Akaifikiria ile siku ya kitambaa, labda. Au akachoka tu. Akamwinua miguu, akairudisha juu ya kitanda mmoja mmoja, akamfunika.

"Sawa," alisema. "Sawa. Ataamkia shule kesho. Nitatafuta mtu wa dukani. Lala."

Kitinda hakusubiri kesho. Alianza kufungua aproni pale pale, mafundo ya nyuma yakamshinda, akamgeuzia Shangazi mgongo amfungulie. Shangazi akafungua. Vidole vyake vilifanya kazi polepole, na alipomaliza alibaki ameikunja ile aproni, anaipiga piga magotini.

"Ila wewe sikuelewi," alimwambia Uzi, na hakukuwa na ugomvi tena katika sauti yake. "Nilipokutoa wewe darasa la tano, mwaka aliokufa mama yako, ulibeba begi lako ukanifuata. Hukusema kitu. Hukulia. Nikawaambia watu, huyu mtoto mwenyewe hapendi shule, ameridhika. Miaka yote hii nilijua umeridhika."

Uzi angeweza kunyamaza. Koo lilikuwa linamwuma, na muuguzi alishasema maneno yawe machache. Alikivuta kinyago, akavuta oksijeni mara moja, akakiondoa.

"Nilikuwa nakuogopa," alisema. "Sikutaka kuacha shule, Shangazi. Mpaka leo sijataka."